Tangu Greda Lipite

...wala si krosi, kiungo cha propela, krosi ni mpya, ameifunga mwenyewe juzi na kuishindilia grisi mpaka ikachomoza pembeni, na sasa Hhando amelala chali chini ya Landrova yake, nje ya nyumba yao hapa Katesh, jua la asubuhi linamchoma miguu iliyobaki nje, ameishika propela, chuma kirefu kinachozungusha magurudumu ya nyuma, kwa mikono miwili, anaizungusha kushoto, anaizungusha kulia, anasikiliza, hakuna kucheza, hakuna mlio, chuma kimekaa na chuma mwenzake kwa amani kabisa, basi ule mtetemo unatoka wapi... maana upo, haubishaniwi, ukienda polepole gari limetulia kama ng'ombe anayecheua, ukishaliacha soko nyuma, barabara ya Singida ikanyooka mbele yako na mguu ukaongeza mafuta, ndipo unapoanza, kwanza chini ya kiti, halafu mgongoni, halafu kioo cha pembeni kinakuonyesha milima miwili ya Hanang badala ya mmoja, na ukipunguza mwendo unaondoka wenyewe bila kuaga, "Baba Hilda, unanisikia?" anauliza mkewe, Mectilda, amekaa kwenye kigoda karibu na gurudumu la nyuma, anachambua maharage kwenye ungo, kutoka chini Hhando anaona ndala zake tu na upindo wa kanga, "nakusikia," anajibu, na kweli anasikia, ila nusu, nusu nyingine ya sikio iko kwenye chuma, "nasema afisa elimu anataka jibu Jumatatu, shule ni mpya kabisa, mkoa wenyewe mpya, wanatafuta mwalimu mkuu, nami sijui nimwambie nini," na Hhando anasema mm, mm ya mtu mwenye spana mdomoni ingawa hana spana mdomoni, kwa sababu anajua ni nini anachoulizwa, anaulizwa kuhamia Babati, na Babati yeye ameshaikataa moyoni tangu siku ya kwanza ilipotajwa, hajasema tu... magurudumu basi? hapana, ameyahamisha ya mbele nyuma na ya nyuma mbele, mtetemo haukuhama, maunti, zile raba zinazoshikilia gia boksi, amezikagua, boliti za propela amezikaza mpaka mkono ukauma, zamani alilaumu barabara, kila mtu Katesh alilaumu barabara, mashimo yalimpa kila mwenye gari bovu cha kusingizia, halafu greda likapita likaisawazisha, barabara ikanyamaza, na Landrova ikabaki inatetemeka peke yake kama mlevi anayecheza baada ya muziki kuzimwa, hata mama yake, mama Imakulata, aliposhushwa kwake Balangdalalu wiki iliyopita alishika kiuno akasema, mwanangu, gari lako lina homa, lipeleke hospitali kabla yangu, akacheka, mama huyo, hana meno lakini anang'ata... "na wanasema kule Babati magari ya serikali yanaongezeka kila mwezi na mafundi hawatoshi," Mectilda anaendelea, sauti yake haisukumi, inaweka tu neno mezani kama sahani, njaa ikikushika utakula, na Hhando anafikiri, mafundi, yeye si fundi wa ofisi za watu, yeye ni fundi wa ngano, miaka ile Basotu kwenye mashamba ya serikali ungeona mashine za kuvunia zikipita sambamba, vumbi lao linaonekana toka huku, na zikiharibika ni yeye na Tluway, fundi wa kuchomelea, wanaofuata kwa trekta, wanazifufua palepale katikati ya ngano, masuke ya ngano yanawakuna shingo, halafu ukaja wakati wa kuambiwa serikali haifanyi biashara tena, mashamba yatauzwa, mashine zikasimama uwanjani mstari mmoja, magugu yakapanda mpaka kwenye viti vya madereva, na siku ya kuagana yeye akatoka pale na Landrova hii iliyochoka, jambo la kwanza yeye na Tluway walilolifanya ni kulala chini yake, hivi hivi alivyolala sasa, wakaongeza majani ya springi nyuma, mazito, yaliyotoka kwenye tela, Tluway akiyagonga kwa nyundo na kusema, hapa hata ghala zima utapakia, kwa sababu mwekezaji atakuja, msimu ujao atakuja, gunia za ngano zitataka kubebwa, naye atakuwa tayari... na msimu ujao ukaja, na mwingine, na mwingine, Tluway akachoka kungoja, akaenda zake kufuga nyuki, anaonekana amenenepa, na ni chaki ya Mectilda iliyowalisha, hakuna siku hata moja aliyomwambia mumewe, yuko wapi mwekezaji wako, mwanamke ametoka Bukoba, kwao migomba inafunika nyumba, akapangiwa huku kwenye upepo na vumbi, akajifunza kusalimia wakwe kwa Kiiraqw mpaka wakwe wakasahau kuwa yeye ni mgeni, "Shikamoo mwalimu!" sauti ya binti anayepita njiani na ndoo kichwani, "Marahaba mwanangu, mama hajambo?" "Hajambo!" na ungo unatikiswa tena, maganda yanapeperuka, moja linamtua Hhando kwenye kope, analipuliza... "halafu mimi hilo gari silielewi," anasema Mectilda, kama mtu anayebadili mazungumzo ili asigombane, "siku ile tulipowapeleka wanakwaya Basotu, wamejaa nyuma kama viazi, na ngoma zao, na yule Filomena peke yake ni gunia mbili, Mungu anisamehe, mbona lilitulia? nililala usingizi mpaka ziwani," na Hhando anafungua mdomo kusema mm, mm haitoki. Lilitulia. Ni kweli lilitulia, yeye alikuwa anaimba nao, hakuona... likiwa limejaa linatulia, likiwa tupu linatetemeka, basi si kitu kilichochakaa, kilichochakaa kingelia zaidi kwenye mzigo, ni mkao, ni mkao wa gari lenyewe, anajivuta kwa kisigino, anageuza kichwa na kuitazama propela kwa urefu wake, si kwa kuishika tena, kwa kuitazama tu, na hiyo hapo, imeinama kutoka gia boksi kwenda kwenye difu katikati ya magurudumu ya nyuma kama mtu anayeshuka korongo, imepinda mno kwenye krosi kwa sababu nyuma ya gari imeinuliwa, imeinuliwa na majani ya springi ya Tluway, yanasubiri gunia, hakuna gunia, basi yanalinyanyua gari tupu na propela inahangaika kuzunguka kwenye pembe ambayo haikuumbiwa, mwezi mzima amekuwa akitafuta kilichopungua na kumbe ni kilichozidi... na dawa yake ni ndogo, kulegeza yubolti zinazoyafunga, kuyatoa majani yale, kurudisha gari kwenye kimo chake, kufikia jioni litakuwa tayari, litabeba watu, mama yake na kiuno chake, wanakwaya, walimu, madawati ya shule, ila ngano ya ghala zima halitabeba tena, na hapo anangoja moyo umuume, anaungoja kwa heshima, kama unavyomngoja mkubwa apite kwanza mlangoni... hapiti mtu. Upepo unapita chini ya gari, una harufu ya mvua iliyonyesha huko mlimani, na kinachokuja ni usingizi kidogo, na raha, na sura ya Mectilda akiwa amesimama mbele ya shule mpya isiyo na hata mti, anawapanga watoto mstari, ameinua kidevu kile, na yeye mwenyewe mahali fulani karibu, chini ya gari la mtu fulani, anasikiliza, kwani chuma cha Babati kina lugha nyingine? ngano ilikuwa nzuri, anafikiri, ilikuwa nzuri sana, na anashangaa jinsi neno ilikuwa linavyomtoka kirahisi... "Baba Hilda, umelala huko?" "Sijalala." "Unafanya nini sasa, mbona kimya?" "Nawaza." "Unawaza nini?" na Hhando bado yuko chali, mikono kifuani, hajaomba spana, hajagusa boliti hata moja, "nawaza," anasema, "kule Babati tutahitaji nyumba yenye uwanja, nipate pa kulaza magari," na Mectilda, ambaye huwafundisha watoto wa watu viambishi vya nafsi mwaka hadi mwaka, ameisikia ile tu ya tutahitaji, ungo umeacha kutikisika, na kutoka chini Hhando anaziona zile ndala mbili zikijongea, taratibu, mpaka zinagusana.