Sabato ya Saa Kumi na Nusu

Mwalimu Orpah Nyanchera alikuwa na dharau ya kutosha vijiji vitatu, na haikuwa dharau ya bure. Alifundisha jiografia huku Manga kwa miaka thelathini na minne. Wavulana waliodhani Ikweta ni waya uliofukiwa ardhini aliwaona wakikua, wakinenepa, wakawa wenyeviti wa kamati. Kwa hiyo Makori aliporudi kutoka Uingereza mwezi wa Desemba na sanduku la mbao lililobebwa na watu wawili, Mwalimu alijua hata kabla ya misumari kung'olewa kwamba ndani mna upuuzi.

Makori alikuwa amepita mikononi mwake kidato cha pili. Alikuwa mtoto mtanashati, hodari wa kuchora ramani yenye rangi nzuri na mito inayopanda mlima. Sasa watu walimwita Daktari. Udaktari wenyewe ulihusu uendeshaji wa hoteli, jambo ambalo Mwalimu hakuchoka kuwakumbusha watu.

Ndani ya sanduku mlikuwa na saa ya jua. Ilikuwa sahani ya shaba, pana kama ungo, imezungushiwa tarakimu za Kirumi, na katikati limesimama bapa la pembe tatu, kali kama pezi la samaki. Makori alikuwa ameinunua kwenye bustani ya tajiri mmoja huko Uingereza. Aliitoa zawadi kwa kanisa la Sabato la kijijini kwa heshima ya mama yake, Gladys, aliyekuwa amelala na maradhi ya moyo nyumba ya pili kutoka kanisani. Nguzo ya saruji ikajengwa uwanjani, sahani ikafungwa juu yake, na Jumapili moja watu wakakusanyika kuizindua.

"Simu zenu," Makori alisema, mkono mmoja mfukoni, "zinafuata saa ya serikali. Hii inafuata saa ya Mungu. Sabato inaanza jua linapozama na kuisha jua linapozama. Sasa mtaijua kwa hakika."

Simu zilisema saa sita na dakika arobaini. Kivuli kilisema saa sita kamili. Watu wakaguna kwa mshangao. Mwalimu Orpah, aliyekaa mstari wa mbele na mwavuli wake mapajani, alijua kwamba katika jambo hilo moja Makori alikuwa amesema kweli, ingawa aliiokota njiani kama kuku anavyookota punje. Jua la Manga kweli huwa nyuma ya saa ya serikali. Lakini alikuwa ameshalitazama lile bapa, na jinsi lilivyoinuka.

Akasimama. "Makori, hili bapa limeinamishwa kwa kipimo cha nchi gani?"

"Kwa kipimo cha jua, Mwalimu."

"Nakuuliza nchi. Huko ulikoitoa, jua halipiti kaskazini ya mtu adhuhuri hata siku moja. Hapa kwetu nusu ya mwaka linapita kusini, na nusu ya mwaka linapita kaskazini. Leo ni Desemba, saa yako ina bahati. Itakuwaje Juni?"

Makori alitabasamu vile watu wanavyowatabasamia wazee waliosahau dawa zao. "Jua ni moja, Mwalimu."

Kanisa zima likapiga makofi. Mzee wa kanisa, Angwenyi, ambaye maishani hakuwahi kuona kitu cha shaba asikisifu, alipiga makofi mpaka kofia ikamdondoka. "Jua ni moja!" akarudia, kana kwamba ni andiko.

Mwalimu alifungua mwavuli wake na kwenda zake. Nyumbani kwake, mbele ya mlango wa jikoni, alikuwa na kijiti kilichochomekwa wima ardhini na mawe madogo pande zote. Kwa kijiti hicho aliwafundisha watoto elfu kadhaa: weka jiwe penye ncha ya kivuli asubuhi, weka jingine alasiri, unganisha mawe, umepata mashariki na magharibi bila dira. Hakikuwa cha shaba. Hakuna mtu aliyewahi kukipigia makofi.

Jioni ile alipita kumwona Gladys. Walikuwa marafiki tangu ujana, walichota maji kisima kimoja na kuimba kwaya moja. Gladys alimshika kiganja.

"Orpah, ile saa ya mwanangu ina kasoro?"

"Muulize huyo daktari wako wa hoteli," Mwalimu akajibu, moyo ukiwa bado umemchafuka.

Gladys akacheka kidogo na kufumba macho. Hawakulizungumza tena.

Makori akarudi Uingereza, na Mwalimu akakaa kusubiri. Ni lazima isemwe kwamba alisubiri kwa raha. Januari saa ilikwenda vizuri, na Februari pia. Siku za mvua haikusema kitu, na Mzee Angwenyi alichungulia simu chini ya meza kama mwanafunzi anayeiba mtihani. "Kifaa kinachohitaji jua ili kikwambie jua halijazama," Mwalimu aliwaambia wanawake waliokuwa wakitoka shambani na vikapu vya chai, "afadhali mnunue kioo kiwaambie kama mna pua." Wakacheka, lakini walicheka kwa adabu, na Ijumaa waliitii saa ya shaba kama kawaida.

Machi saa ilianza kupotoka. Asubuhi ilichelewa, alasiri ikakimbia. Adhuhuri tu ndipo iliposema kweli. Angwenyi alimpigia Makori simu, akajibiwa kwamba saa kama ile zimesimama kwenye bustani za mabwana wakubwa kwa miaka mia mbili na hazijakosea. Basi haikukosea. Wiki baada ya wiki kengele ya Ijumaa, ambayo ni rimu ya lori iliyoning'inizwa kwenye mti, ilipigwa mapema zaidi, na Osoro mlinzi aliipiga bila swali kwa sababu aliambiwa afuate kivuli.

Ungetegemea watu wanung'unike. Hawakunung'unika. Walianza kujivunia. "Afadhali kuiwahi Sabato kuliko kuichelewa," Angwenyi alihubiri, na ghafla kijiji kikawa kitakatifu kuliko vijiji jirani vya Kebirigo na Nyakoe, ambako watu bado walisubiri kuliona jua likizama kwa macho yao wenyewe, kama washamba. Mei watu waliacha majembe na jua liko juu ya migomba. Mwalimu aliwapita wakiwa wameketi vibarazani, wameoga, wamevaa nguo safi, wakipepesa macho kwenye mwanga mkali, wakisubiri jioni iwakute. Alitamani kuwahurumia akashindwa.

Wiki ya pili ya Juni Gladys akafariki.

Makori alirudi na suti nyeusi. Mazishi yakapangwa Ijumaa, nyumbani, hatua chache kutoka uwanja wa kanisa. Ilikuwa siku kavu, yenye anga safi. Ratiba ilisema jeneza litashushwa saa nane, lakini katika nchi hii hakuna maiti anayeshushwa mpaka kila mwenye tumbo na kipaza sauti amesema neno. Walisema wa ukoo, wakasema wa chama cha chai, akasema mtu mmoja anayetafuta kura ambaye alimwita marehemu Grace mara tatu. Mwalimu Orpah alikaa chini ya turubai, akitazama jeneza la rafiki yake, na kila hotuba ilimpita kama nzi.

Saa kumi na nusu hivi, jeneza lilikuwa limefika ukingoni mwa kaburi na kamba zimeshapitishwa. Ndipo rimu ikalia.

Ngwaa. Ngwaa. Ngwaa.

Mzee Angwenyi akainua mkono. "Ndugu zangu, Sabato imeingia. Hatuwezi kufukia kaburi ndani ya Sabato. Mwili urudishwe nyumbani, tutazika Jumapili."

Jua lilikuwa limewawakia usoni. Vivuli vya watu havijafika hata urefu wa watu wawili. Vijana wanne waliokuwa wameshika kamba walitazamana, jasho likiwatiririka. Mtu akatoa simu, akaitazama, akairudisha mfukoni kama aliyekamatwa na kitu cha aibu.

Makori alitoka mbio kuvuka ua, akaenda kwenye nguzo. Watu wakamfuata. Kivuli cha bapa kilikuwa kimelala sawasawa juu ya VI, yaani saa kumi na mbili jioni kwa hesabu ya Kizungu. Alikigusa kwa kidole, kana kwamba kingeweza kusukumwa. Akatazama jua. Akatazama tena sahani. Mwalimu alikuwa amefika nyuma yake, akihema, na aliiona shingo ya mwanafunzi wake wa zamani ikilowa jasho kwenye kola.

Huu ndio wakati aliousubiri miezi sita. Alikuwa ameshauandalia maneno, mengine makali sana.

"Daktari, sema wewe," Angwenyi akasihi. "Saa ni yako. Inasema kweli au inasema uongo?"

Makori alifungua mdomo. Ilikuwa rahisi: neno moja, na mama yake angelala. Lakini watu mia tatu walikuwa wakimtazama, na wengi wao walimpigia makofi Desemba.

"Kifaa ni sahihi," akasema. "Labda... labda tusubiri Jumapili."

Mwalimu Orpah alihisi dharau ikimpanda kutoka miguuni, si ya mzaha aliyoizoea, bali nzito, chungu kama nyongo. Na safari hii haikumlenga Makori peke yake. Alimkumbuka Gladys akimshika kiganja na kumuuliza, na yeye akijua jibu lote, digrii kwa digrii, akamnyima kwa sababu alitaka Juni ifike awaone wameumbuka. Imefika. Na aliyelala ukingoni juani ni Gladys.

Hakusema hata neno moja kati ya yale aliyoyaandaa. Alirudi kaburini, akachukua chepe lililochomekwa kwenye udongo.

"Shusheni," akawaambia wale vijana.

"Mwalimu, Sabato..." Angwenyi akaanza.

"Angwenyi, geuka. Hicho kinachokuchoma kisogo ni nini?"

Angwenyi hakugeuka.

"Nimekuuliza. Ni taa ya stima?"

Mtu akacheka nyuma ya umati. Mzee Nyamongo, Mkatoliki wa jirani aliyechimba kaburi lile tangu alfajiri, alitema mate pembeni. "Sisi hatukusikia kengele yoyote," akasema, akashika kamba mwenyewe. Jeneza likashuka. Mwalimu, mwenye miaka sabini na mmoja na magoti mabovu, akatupa chepe la kwanza. Halafu wanawake wa chai wakaja na majembe, wa Sabato na wa Katoliki, na udongo ukaanza kwenda.

Makori alirudi mwisho. Alivua koti, akaomba jembe, na hakuna aliyempa. Akafukia kwa mikono.

Saa kumi na moja kaburi lilikuwa limeinuka na maua yamewekwa. Hapo ndipo aibu yenyewe ilipoanza, kwa maana jua halikuwa na haraka. Watu walikaa uani wote, waliofukia na waliotii saa, kwa zaidi ya saa moja na nusu, wakilitazama likiteremka polepole mpaka likazama mbele yao wote. Hakuna aliyeimba.

Jumapili Makori alikwenda kwa Mwalimu, akasimama kwenye mlango wa jikoni.

"Inaweza kurekebishwa?" akauliza.

"Bapa lilale karibu chini kabisa, kutoka kaskazini hadi kusini, na mistari yote ichorwe upya. Sahani yenyewe haifai. Kwa kifupi, utengeneze nyingine."

"Mbona hukuniambia?"

Mwalimu alivuta kiti kutoka jikoni. Angeweza kumkumbusha ile Jumapili, makofi, tabasamu lile.

"Wewe nilikwambia," akasema. "Mama yako aliponiuliza, sikumwambia."

Makori hakuelewa, na Mwalimu hakumfafanulia. Alimpa kiti, akamtilia chai, akaketi naye mpaka alipoimaliza. Jumatano Makori alipanda ndege. Inasemekana aliwaambia watu wa Uingereza kwamba hewa ya milimani iliharibu shaba.

Angwenyi hakuondoa ile saa. Alisema zawadi haitupwi, na kwamba Desemba itapona.