Mtindi wa Marehemu na Unga wa Ofisi

Jumanne ya tarehe nne mwezi wa tatu, saa ya chai, ndipo wakubwa waliponiharibia mke wangu kwa mara ya pili. Mara ya kwanza ilikuwa kwenye foleni ya hospitali, na hiyo siielezi hapa.

Mimi ni dobi wa hoteli, napiga pasi mashuka. Wiki moja kabla, uongozi uliamua kwamba sisi wa chumba cha kufulia tunaugua tumbo mno, kwa hiyo kila asubuhi tupewe kidonge cha vijidudu vizuri na kifuko cha unga wa nyuzinyuzi. Mtaalamu wa lishe, binti mpole tu, alitueleza kwamba tumboni mna vijidudu vingi, vizuri na vibaya, na nyuzinyuzi ndizo chakula cha vile vizuri. Akasisitiza tuanze na kijiko kidogo na maji mengi. Hilo msimamizi wetu hakulisikia, alikuwa anapiga picha. Na mtungi wetu wa maji alikuwa ameshauondoa, eti tunakunywa kupita kiasi.

Basi wenzangu wakaubugia unga mkavu, kifuko kizima. Kwanza choo chetu kimoja kikawa na foleni ya watu wanaoingia na kutoka mikono mitupu. Kisha ikaja gesi. Shemeji yangu, kaka wa marehemu mke wangu, yuko kwenye mashine ya kukaushia. Alikuwa akingoja ingurume ndipo naye ajiachie. Siku umeme ulipokatika ghafla, sote tulijua.

Mimi unga niliukataa. Tumbo langu linatunzwa na kopo la mtindi. Mke wangu aliuanzisha mwaka tuliooana: ukikaribia kuisha unabakiza kikombe, unaongeza maziwa yaliyochemshwa yakapoa, unafunika, kesho umeganda. Mwenyewe ameondoka, mtindi upo. Kila asubuhi nafungua mfuniko nausalimia. Chekeni tu.

Msimamizi akasema asiyekunywa unga alete uthibitisho kwamba tumbo lake lina dawa nyingine. Ndiyo Jumanne hiyo nikalibeba kopo zima, nimelifunga taulo, nikaliweka kwenye meza ya pasi. Yule binti wa lishe akanusa, akaonja kijiko, akatabasamu. Akasema humu mna vijidudu hai, ndugu wa vile vya kidonge, na mzee aendelee na mtindi wake.

Mambo yangeishia hapo. Lakini msimamizi hawezi kuona kitu kinaenda sawa bila mkono wake kuwemo. Akapasua vidonge vitatu, akamwagia koponi, akafuatisha na vifuko viwili vya unga, akakoroga kwa kalamu.

"Mzee, sasa na wewe umo kwenye mpango," akaniambia.

Shemeji alimdaka mkono, kachelewa.

"Bosi," akasema taratibu, "umemkoroga dada yangu."

Msimamizi akamwambia arudi kwenye mashine yake. Nililifunika kopo, nikalisukuma pembeni karibu na boila, maana kwingine kote kulijaa mashuka ya wageni. Kwa joto lile, kufika saa ya chakula kopo lilikuwa linaguna peke yake. Msimamizi akaja kuchukua koti lake la kikao cha wakurugenzi, nilikuwa nimelinyoosha likanyooka. Akainama asikilize kinachoguna. Mfuniko ukaruka. Koti likapata nusu ya mtindi ulioruka, nywele zikapata iliyobaki, na kikaoni akaingia ananuka kama ndama.

Huko wakamwuliza, binti naye akaulizwa, na kesho yake mtungi wa maji ukarudi. Pole hakuna aliyenipa.

Chini ndani ya kopo palibaki kama kikombe cha mtindi. Nilikipeleka nyumbani, nikakiongezea maziwa, kikaganda. Mzito kuliko zamani, ukali umepungua kidogo. Shemeji anakuja kila Jumapili, anaonja amefumba macho. Mara ya kwanza alisema ni dada. Mara ya pili akasema hapana, huyu ni bosi. Nilimwuliza binti. Akaanza kunieleza jinsi vijidudu vinavyogombea nafasi, kisha akaniangalia usoni, akaacha, akaniuliza kama nimekula.

Naula bado, na tumbo halina neno. Lakini asubuhi nikifungua mfuniko, nabaki nimeushika mkononi kabla ya kusalimia. Mle ndani ninayemwamkia ni mke wangu, au ni uongozi?