Ngumi Baada ya Kengele

Kisiki alikuwa kiziwi wa kuzaliwa, kwa hiyo kengele ya ulingo kwake ilikuwa bure. Raundi ikiisha, dada yake alipiga sakafu ya ulingo kwa kiganja mara tatu, naye akihisi miguuni anashusha mikono. Wakubwa wa chama cha ngumi walikubali shingo upande: siku atakapompiga mtu baada ya kengele kwa kutohisi, hakuna kiziwi mwingine atakayepanda ulingoni. Na klabuni kwao viziwi wanne walikuwa wanasubiri leseni.

Raundi ya nne, Dume, mpinzani wake, alikuwa anachapwa barabara. Kocha wake, mtu mzima ovyo, akainama akapiga sakafu mara tatu. Kisiki akashusha mikono. Dume akamtandika ngumi ya taya, meno mawili yakaruka hadi kwenye meza ya majaji.

"Refa! Hujaona?" dada akapiga ukelele.

"Hakuna sheria inayokataza kupiga sakafu, dada. Endeleeni!"

Jamani! Raundi ilipoisha, Kisiki alitema damu ndooni, na dada akamwambia kwa mikono: tuache. Kisiki akatikisa kichwa.

Raundi ya tano aliingia kama kichaa. Mbavu za Dume zililia ko, nyusi ikapasuka, pua ikalala upande. Dada, Mungu amsamehe, alifurahi. "Mmalize!" alipiga kelele, kana kwamba atasikia.

Kengele ikalia. Dada akapiga sakafu kwa nguvu zake zote. Kisiki akashindilia ngumi nyingine tatu, zote usoni, mpaka refa akamrukia mgongoni. Dume akaanguka kifudifudi, mguu mmoja ukitetemeka, wakamtoa kwa machela. Kocha wake akaanza kulia kwamba wameonewa. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu!

Mkubwa wa chama akapanda ulingoni. "Muulize. Alihisi au hakuhisi?"

Dada hakumuuliza mtu. "Hakuhisi, mzee. Alidhani ni hila zao tena."

Kisiki alikuwa anaitazama midomo yake. Akamshika kidevu, akamgeuzia uso kwake, akavua glavu kwa meno yaliyobaki, akaongea kwa vidole taratibu.

"Nilihisi. Kiganja chako nakijua. Nilitaka kumuumiza."

"Watakufungia maisha, wewe!"

"Wanifungie mimi. Ukisema sikuhisi, umewafungia na wale wanne."

"Anasema nini?" mkubwa akauliza.

Dada alimtazama mdogo wake, uso umevimba, damu inamdondoka kifuani, na moyo ukamuuma kuliko siku yoyote.

"Anasema alihisi, mzee," akasema huku machozi yakimtoka. "Alijua raundi imekwisha. Alipiga kusudi."

Mkubwa akanyoosha mkono kudai leseni. Kisiki akampa ishara dada yake, naye akaitoa mfukoni akaikabidhi.