Mstari Usiochelewa

Ulikuwa mchana wa Machi, muda wa kahawa ya pili, na ofisi nzima huko Oulu, mji wa kaskazini penye barafu, ilikuwa jikoni isipokuwa Taneli Kaikkonen. Yeye alibaki mezani akiunoa mstari wake, ule mfupi ambao kompyuta huuweka kabla hujaandika amri, unaokwambia uko folda gani, uko kwenye tawi gani la kazi, yaani nakala ipi ya programu, na kama amri iliyopita imefaulu au imekwama. Watu wengi huuacha ulivyokuja. Taneli, jamani, alikuwa na ugonjwa nao. Aliutaka uwe na habari zote na utokee hata kidole hakijanyanyuka.

Akabonyeza. Mstari ukatokea, na mbele ya jina la tawi kulikuwa na maneno ambayo hakuyaweka yeye: *Lempi, bafuni, sakafuni, anangoja.*

Akabonyeza tena. *Lempi, bafuni, sakafuni, anaona baridi. Onni, kitandani, anaita.*

Kampuni yao ilitengeneza bangili zenye kitufe kwa wazee wanaoishi peke yao. Mzee akianguka anabonyeza, na bangili inamwambia, "Tumekusikia, tunakuja." Hata Hilkka, mama yake Taneli, alikuwa nayo; Taneli mwenyewe ndiye aliyemvisha. Kwa hiyo kwanza alitafuta jina la Hilkka. Halikuwepo, akashusha pumzi. Kisha akapekua faili zake zote asione maneno yale yanatokea wapi.

Riikka wa meza ya jirani alirudi na andazi lake la mdalasini, akainama kutazama.

"Huyo Lempi namjua, ana bangili yetu, yupo kweli," alisema. "Lakini we Taneli, mbona mstari wako unajikokota hivyo?"

"Wazee ni wengi. Unawangoja wote kwanza."

"Mh! Mimi ningeshautupa zamani."

Jouko, mkubwa wao, naye alikuja na kikombe chake.

"Nani anawaendea hawa?" Taneli alimuuliza.

"Saa hizi? Hakuna mtu. Chumba cha kupokea miito tulikifunga, tunabana matumizi. Bangili inajibu yenyewe. Wazee wameridhika, tuliwauliza."

"Mliwauliza vipi?"

"Kupitia bangili." Jouko akanywa kidogo. "Umeupanga vizuri, unasomeka. Shida ni kasi tu, bwana."

Taneli hakujua ashike lipi, la wazee au la kasi. Aibu ya mstari mzito ilikuwa karibu zaidi. Akafanya ambalo yeyote kati yao angelifanya. Akatenganisha: mstari utokee hapo hapo, habari za wazee zifuate nyuma zikishapatikana.

Kazi ikakubali. Mstari ukawa unatokea mara tu anapobonyeza. Riikka akapiga mluzi, akaomba nakala, na kabla ya jioni kila meza ilikuwa nayo. Taneli alifurahi, hilo tusimfiche. Aliandika amri juu ya amri, na habari zikija zilikuta yeye ameshafika mbali.

Ndipo mistari mingi nyuma, juu kabisa ya kioo, ikajitokeza: *Hilkka, jikoni, sakafuni, anamwita Taneli.* Na kabla hajamaliza kusoma, chini yake: *Hilkka, jikoni, amenyamaza.*

Alipiga simu, ikaita bure. Aliendesha gari kwenye barafu kama mwendawazimu. Mama alikuwa jikoni kama ilivyoandikwa, kahawa imeungua kwenye birika, na bangili mkononi ilikuwa bado ikisema kwa sauti ya upole kwamba wanakuja.

Baada ya mazishi Taneli alirudi kazini. Wenzake walimpa mkono, wakamwekea andazi mezani. Akafungua kompyuta. Mstari ukatokea papo hapo, na habari zikafuata kwa wakati wake.

*Lempi, bafuni, anangoja. Onni, kitandani, anaita. Hilkka, jikoni, anauliza kama mmeshatoka.*

"Mama yako huyo?" Riikka aliuliza kwa upole.

"Ndiye."

"Kwangu pia anakuja. Hachelewi siku hizi."

Taneli akaandika, *Tunakuja*, akabonyeza. Kompyuta haikuijua amri hiyo. Ikaweka alama nyekundu ya kukwama, bila kuchelewa hata kidogo.