Jina Alilolitaja Paskazia

…mlimfanyia nini, Bibi, zile siku mbili kabla hamjamleta hapa, ndivyo alivyouliza daktari, tena kwa adabu, shikamoo mbele, miwani ameivua ameishika mkononi anasubiri, na wasichana saba wanaosomea uuguzi wamezunguka kitanda cha mjukuu wangu Sikujua, penseli juu, kana kwamba nitakayosema ni ya kuandikwa, mimi niliyekaa kwa mapadri miezi mitatu tu nikatoka na herufi za jina langu, na bado sijajibu, najifanya natafuta ncha ya kaniki niifunge vizuri, acha wasubiri, mzee ana ruhusa ya kuwa mzito wa masikio… huyu Daktari Athanas wanasema amesoma miaka kumi na mbili, Kampala halafu ng'ambo, na sasa ndiye anayewafundisha hao madaktari wenyewe huko Kampala, na kila kiangazi anashuka huku Shinyanga kushona wanawake, miaka kumi na mbili kusomea mlango ambao kila mtu aliupita bila kuuliza njia, nilicheka siku ya kwanza, nikamwambia Sikujua mwanamume mwenye kazi hiyo ama hana mke ama mkewe halali, lakini leo asubuhi nimemwona kazini nikakoma kucheka, maana yule msichana mrefu wa Tabora, Serafina, alivuta kitambaa puani kwa ajili ya harufu ya mkojo, na daktari hakumkaripia, alikuja akaketi kitandani, palepale shuka ilipolowa, na suruali yake iliyopigwa pasi, akasema asiyeweza kukaa hapa aende akasomee meno, wakacheka wote, hata Sikujua, mwezi wa pili sijamsikia akicheka… kisha akamwingizia maji yaliyotiwa rangi ya buluu kwa mpira mwembamba, na pamba tatu alikuwa ameziweka ndani, akazitoa moja moja akiwaonyesha, ya kwanza nyeupe, ya katikati buluu tupu, akasema tundu liko hapa, kesho nitaliziba, atakaa na mpira wa mkojo siku kumi na nne, ataenda kwake mkavu, hivyo tu, kama fundi anayesema habari za kiti, na Klara, yule mfupi, akauliza limetokana na nini, nikakaza masikio mimi, maana jibu nilikuwa nalo tangu nilipoolewa, na yeye akakunja ngumi akaisukuma ndani ya kikombe, akasema kichwa cha mtoto kimekwama kwenye mfupa, siku moja, siku mbili, nyama iliyobanwa katikati inakosa damu inakufa, baadaye inadondoka inaacha tundu. "Hakuna aliyemtendea kitu, wala yeye hakutenda," akasema. "Ni mfupa na saa." Mfupa na saa… na mimi nimesimama pale nimeshika chuma cha kitanda, kwa sababu aliongeza, hata hakunitazama, kwamba mwaka jana Kampala alimshona mama aliyevuja miaka kumi na tisa, la zamani linashonwa sawa na la jana, kumi na tisa, binti yangu Paskazia anavuja mwaka wa kumi tu… ilikuwa mwaka ule wa njaa baada ya vita, kule kwetu Ushetu, binti yangu wa mwisho, mimba ya kwanza, na mimi ndiye mkunga, nani mwingine, nusu ya watoto wa kijiji walidondokea viganjani mwangu, na kwetu uchungu ukilala basi mzazi ameficha mwanamume moyoni, mtoto anagoma mpaka atajwe, nilifundishwa na mama mkwe wangu naye na wake, nimewauliza wanawake labda thelathini, wakataja, watoto wakatoka, na hakuna aliyewahi kuniambia kwamba pengine walikuwa njiani tayari… siku ya kwanza nilimwuliza Paskazia kwa upole, ya pili kwa ukali, ya tatu nikamwinamia sikioni, midomo yake imepasuka kama udongo wa kiangazi, nikamwambia taja upumzike, akanitazama kama anayetaka kunisaidia kazi yangu, akaniita mama kwa kikwetu, akasema, "Mayu, nimtaje nani?" na mimi, Mungu yupo, nikasema yeyote aliyekupitia, taja, akamtaja Bujiku, kijana wa jirani aliyekuwa akichunga naye ng'ombe wakiwa hata meno hawajamaliza kuota, na mtoto akatoka jioni, mfu, na mkojo haukukoma tena, na mumewe akamrudisha na mkeka wake kwa ajili ya Bujiku, na Bujiku akahama kwa aibu ya jambo asilolijua, na mimi nikamjengea binti yangu kibanda nyuma ya zizi, mbali na jiko, nikasema ni kwa ajili ya harufu, wageni, si kwa ajili ya harufu, nilikuwa nimemwamini, ndilo hilo, nililazimisha neno limtoke kisha nikaliamini… siku moja kibanda kitupu. Maganga, aliyekwenda kuchimba dhahabu Geita, ndiye aliyeniletea habari, alisema kuna mwanamke huko anawafulia wachimbaji nguo, anaishi peke yake chini kabisa mtoni, kutwa yuko majini, na kwa sababu kazi yake ni maji hakuna anayemwuliza kwa nini kanga yake haikauki, akasema anafanana na wewe, Bibi, ila yeye ana upole, nikamwambia Maganga kunywa uji wako uende, na sikuuliza tena, miaka sita hiyo… Sikujua ameminya kidole changu, anafikiri nimepotea, ananong'ona midomo haichezi, "Bibi, waambie tulisubiri tu," ananisitiri, mtoto wa miaka kumi na saba mwenye tundu mwilini ananisitiri mimi, kwa sababu anakumbuka, nilifika kwa mumewe siku ya pili nikamkuta mama mkwe wake anamdai majina, na kabla sijatua mzigo na mimi nikauliza, mara moja, mdomo una njia yake iliyozoea, ndipo nikaona midomo yake imepasuka vilevile, nikasikia lile mayu la Paskazia, nikafoka fungeni ng'ombe kwenye mkokoteni, lakini saa zilikuwa zimekwisha kula… tulisubiri tu, neno jepesi, wataliandika, watafunga madaftari, na hawa saba watatawanyika, mmoja Kahama, mmoja Geita, kila mmoja atakuta penye kitanda bibi kama mimi, mwenye kaniki safi na sauti ya kuaminika, ameinamia sikio la mtu, na hawatajua anauliza nini, watampisha kwa heshima… Serafina anasema taratibu nadhani Bibi hakusikia, daktari anamwambia amesikia, mwache, ana macho mabaya huyu, yanangoja bila kusukuma, laiti na mimi ningekuwa na hayo, nitamwambia, nitawaambia wote mlolongo mzima, neno nililoliuliza na jinsi linavyoulizwa, wajue sauti yake, waandike mpaka penseli ziishe, lakini kwanza na mimi nina swali langu, daktari anaondoka lini, alisema mvua za kwanza, mawingu bado hayajaonekana, treni mpaka Mwanza, sijawahi kupanda treni, basi nitaipanda, kisha maji ya ziwa, kisha lori mpaka Geita, na kurudi hivyohivyo tukiwa wawili, na sitasema nisamehe, neno hilo halishoni kitu, nitamwambia yuko mtu anashona, twende, na kwamba ni mfupa, mwanangu, haikuwa wewe, ilikuwa mfupa na mimi… "Tunakusikiliza, Bibi," anasema daktari, miwani bado mkononi, wasichana bado wamesimama, Sikujua bado ameshika kidole changu, na mimi moyoni nimekwisha teremka mpaka mtoni, namwona ameinamia jiwe la kufulia, mgongo ule ninaujua, niliupaka mafuta miaka mingi, nimesimama nyuma yake na vumbi la njiani, sijui nikisema Paskazia atageuka, au atasikia kabisa aendelee kufua.