Karatasi Sita Dirishani

Vumbi la Dodoma, Mama, halina adabu. Linaingia bila hodi, linalala kitandani, linakunywa chai yetu. Ila asubuhi, jua likipiga dirisha la mashariki, hata vumbi hilo linapendeza kidogo. Na mimi nilikuwa nimechoka, natafuta chochote cha kupendeza.

Mwaka ule walitupunguza kazini. Serikali inabana matumizi, walisema, soko huria limefika. Miaka kumi na minne nimechora ramani za mji mkuu usiokwisha kujengwa, nikarudi nyumbani na bunda la karatasi zile nyepesi za kunakilia. Nawe ukaletwa kutoka Kolo, macho yameliwa na trakoma. Daktari alisema tumechelewa. Sura za watu hutaziona tena. Mwanga na rangi utaviona kwa muda, kisha navyo vitakwenda.

Haya. Nikakuchorea kisicho na sura.

Nilipaka karatasi mafuta ya alizeti mpaka zikapitisha jua. Ya kwanza nikaitia udongo mwekundu wa kwenu Kolo. Ya pili, maganda ya zabibu za Makutupora. Kisha manjano ya jikoni, bluu ya kufulia, chai ya rangi, na ya sita maji ya mlenda mbichi. Nikazipachika dirishani, moja juu ya nyingine. Jirani yetu Anjelina akauliza ni picha ya nini, akashauri nichore twiga, wazungu watanunua. Nikaendelea kunyoosha karatasi. Nimechoka kujibu.

Wewe hukuuliza. Ulikaa mbele ya dirisha, rangi zimekumwagikia hadi kwenye mtandio, ukasema udongo wa nyumbani unauona. Nililia, sikufichi.

Lakini mwanga wa macho yako ulikuwa unakwenda zake. Haukupita mwezi, ukasema picha imeingia giza. Nikabandua mlenda. Ukachangamka. Wiki tatu, giza tena. Nikabandua chai, halafu bluu. Kila nilipobandua ulidhani nimeongeza, ukanisifu kwamba Joha mwanao hachoki. Sikukusahihisha. Kuchoka nilichoka, Mama, mikono mizito kama magunia ya mtama. Kazi gani hii, unaimaliza kwa kuibomoa?

Manjano yakaenda. Zabibu ikaenda. Udongo wa Kolo niliuacha hadi mwisho, nikiuonea huruma, au nikijionea mwenyewe. Jana jioni nao nikautoa.

Leo asubuhi dirisha ni tupu. Hakuna karatasi, hakuna rangi, ni jua lenyewe na vumbi lake. Ulikaa palepale, ukainua uso, ukatulia kama mtu anayesikiliza adhana. Nikasimama nyuma yako, nikingoja useme giza, maana sikuwa tena na cha kubandua.

"Joha," ukasema, "hii ndiyo nzuri kuliko zote. Usiiguse tena."

Nikasema sawa, Mama. Nikaketi chini kando yako, nikapumzika.