Jezi Namba Tisa ya Kilcorran

Wanasema mcheza kwao hutunzwa. Aliyesema hayo hakuwahi kucheza Kilcorran. Mimi nimeichezea timu hii tangu sijaota ndevu, kwenye mvua inayokuja ubavu ubavu kutoka baharini, na tunzo niliyopata ni kuitwa Malachy wa Maziwa, kwa kuwa mchana naendesha lori la kukusanya maziwa mashambani. Colman Geraghty alitoka nje ya Ireland akiwa kijana, akazunguka karibu miaka ishirini, akarudi na goti bovu na ngozi iliyobabuka kwa jua. Wiki ileile picha yake ilibandikwa dirishani kwa muuza nyama, juu ya soseji.

Nyumba zetu zilipakana. Mama yake alifariki mapema, baba yake alikuwa mtu wa baa, hivyo Colman alikuwa anakula kwetu. Mama alikuwa akikata mkate, kipande cha kwanza anampa yeye. "Maskini, hana mama," anasema. Mimi niliyekuwa na mama nilipata cha pili. Ukitaka kujua wivu wangu ulizaliwa lini, ulizaliwa pale mezani, na siagi juu yake.

Alipofika miaka kumi na sita, msaka vipaji mmoja alimchukua akampeleka kaskazini mwa Uingereza. Ikafuata Scotland. Ikafuata Norway, Cyprus, Australia, Bahrain, na kwingine ambako hata kutamka jina lake ilikuwa kazi. Kila alikokwenda alimtumia mama yangu kadi ya picha, na mama alizibandika kwenye mlango wa friji mpaka rangi yake ikapotea.

"Colman anasema huko Cyprus unachuma chungwa mtini unakula," mama ananiambia.

"Mimi leo nimefunga mawili, Mama."

"Vizuri. Vua hivyo viatu, unanichafulia sakafu."

Basi huyo ndiye aliyerudi majira ya baridi yaliyopita. Kocha wetu, Dessie Mulhern, mtu wa Dublin, alimpokea kama mfalme, na kitu cha kwanza alichofanya ni kumpa jezi namba tisa. Yangu. Mimi nikapewa kumi na saba. Kumi na saba si namba ya mshambuliaji, ni namba ya basi.

Ningefurahi kusema Colman alikuwa amekwisha. Hakuwa amekwisha. Mbio hana, kuruka haruki, lakini mpira ulimfuata kama paka anavyomfuata mwenye samaki. Alikuwa anasimama tu, beki anamsahau, halafu unasikia uwanja mzima umelipuka. Mimi nilikuwa nakimbia hadi mapafu yanataka kutoka, na watu wanaimba jina lake. Tulianza kushinda. Ikafika mechi ya mwisho ya msimu tunahitaji ushindi mmoja tupande ligi kuu, ambako Kilcorran haijawahi kukanyaga, wala mimi.

Siku mbili kabla, Dessie aliniita kando ya gari lake.

"Malachy, sitaki uje kuyasikia mitaani. Tukipanda, mbele nina nafasi ya mkongwe mmoja tu. Colman akibaki, ni yeye. Akienda, ni wewe."

"Na anakwenda?"

"Malta wanamtaka. Nimemwomba abaki, kasema hapana, asante. Kwa hiyo tulia, mzee. Inaonekana utavaa tisa yako."

Nilirudi kwenye lori langu nikiimba. Ng'ombe wa eneo lile hawajawahi kuona mkusanya maziwa mwenye furaha kama mimi jioni ile. Aende Malta, nikasema moyoni. Aende na mbele zaidi, kama kuna mbele.

Asubuhi ya mechi nikamkuta mama amevaa koti lake la kanisani na kupaka rangi ya mdomo. Mama yangu hajawahi kuja uwanjani. Siku zote anasema moyo wake hauwezi.

"Unakwenda kumwona nani?" nikamuuliza.

"Nakwenda kuona mpira."

"Mpira umekuwepo miaka yote, Mama."

"Basi leo nimeusikia," akasema, akachukua chupa yake ya chai na blanketi.

Dakika za mwisho tulikuwa sare, bao moja kwa moja. Colman akapokea mpira kwenye boksi, akamzunguka beki, yule beki akamkata miguu. Refa akaonyesha penalti. Kabla Colman hajaja, penalti za Kilcorran zilikuwa zangu, kila mtu analijua hilo. Colman akainuka, akaukwapua mpira, akanijia moja kwa moja. Nilimwona mama jukwaani, amesimama, blanketi limemwanguka.

"Malachy, unapiga?" Colman akaniuliza.

"Aa, wapi! Piga wewe bwana, wewe ndiye uliyeangushwa."

Sasa nieleweke. Kwetu mtu hapokei kitu anapopewa mara ya kwanza. Ukikaribishwa chai unasema hapana, nimetoka kunywa sasa hivi. Unaombwa tena, unasema usijisumbue. Ya tatu unasema haya, nusu kikombe tu, kisha unamaliza birika. Anayekubali papo hapo anaonekana mlafi, na anayeacha kuuliza anaonekana mchoyo. Hayo tunayanyonya na maziwa. Kwa hiyo nilipokataa nilikuwa nimeshainama kuvuta soksi, najiandaa kupiga, nasubiri tu mwenzangu amalize zamu yake ya kunibembeleza.

"Haya," akasema Colman. Akageuka, akauweka mpira kwenye alama.

Nilibaki nimeinama, soksi mkononi. Nasema wazi: nilimwomba Mungu akose. Timu yangu, mji wangu, ligi kuu ya ndoto zangu, na nikaomba akose. Mungu hakunisikiliza. Kipa kulia, mpira kushoto. Watu waliruka uzio wakambeba Colman juu juu, na mama yangu alikuwa analia na kupiga makofi. Nadhani katika Kilcorran nzima ni mimi peke yangu niliyenuna siku tuliyopanda daraja.

Jioni mama alimwita Colman nyumbani. Meza ilijaa: nyama ya nguruwe iliyokatwa nyembamba, mkate wa soda, ule usiotiwa hamira, na pai ya tufaha. Colman alikaa kwenye kiti changu. Hakujua ni changu, lakini mwenye wivu hahitaji sababu kubwa.

"Chukua pai, mwanangu," mama akamwambia.

"Asante, Mama Tiernan," akasema, akachukua. Palepale! Na kipande kikubwa.

Nikashindwa kujizuia. "Unaona? Unaona alivyo? Hata penalti yangu aliichukua hivyohivyo!"

"Penalti gani yako?" Colman akashangaa, mdomo umejaa. "Nilikuuliza, ukakataa."

"Nilikataa, ndiyo! Ulitaka nisemeje, mbele za watu? Lete hapa, nipe mimi? Umezaliwa wapi wewe?"

"Mlango wa pili, hapo."

"Basi umesahau! Mtu anaulizwa mara moja? Penalti ya kupanda daraja, mara moja? Hata keki ya jana haitolewi hivyo!"

Mama akaweka kisu chini. "Hapo Malachy ana haki, Colman. Mara moja ni aibu."

Colman hakucheka. Alimeza pai yake polepole, akafuta vidole.

"Sikusahau," akasema. "Nilifundishwa upya. Mnakumbuka nilipokuwa Uingereza, ile timu ya kwanza? Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Meneja aliniita ofisini akaniambia, kijana, tunataka ubaki, unasemaje? Moyo wangu ulikuwa unataka kupasuka kwa furaha. Nikamwambia, aa, bosi, mna vijana wengi wazuri kuliko mimi. Nikanyamaza nasubiri aniombe tena. Yule mzee akanitazama, akasema, sawa, nakuheshimu kwa ukweli wako. Akanipa mkono. Ijumaa yake, kwenye bweni la timu, kitandani mwangu alikuwa amelala mtu mwingine."

"Ukanyamaza?" nikauliza.

"Ningesemaje? Ningerudi kumwambia nilikuwa naleta adabu? Nikapanda treni kwenda Scotland. Scotland hawakunipenda, nikaenda Norway. Toka hapo ni kuzunguka tu. Kila timu walipoamua kuniacha, hakuna aliyeniuliza hata mara moja. Ndiyo maana sasa, nikipewa kitu, napokea kabla mtu hajageuka."

Mkataa pema, pabaya panamwita. Nilikuwa naijua methali hiyo toka shule, ila sikuwahi kuiona imekaa mbele yangu inakula pai. Miaka yote nilimwonea wivu kwa machungwa ya Cyprus, kumbe mtu alikuwa amepotea njia akiwa na miaka kumi na tisa, kwa sababu ya malezi mema ya mama yangu.

Mama alikuwa anafuta macho kwa ncha ya aproni. "Usiende Malta, basi," akasema. "Baki na sisi."

"Hapana, Mama Tiernan," Colman akajibu. "Ndege ni Jumanne. Na hapa kuna wenye haki zaidi yangu."

Aliyasema hayo akitazama sahani. Na mimi niliijua hapana ile. Haikuwa hapana ya Norway wala ya Bahrain. Ilikuwa hapana ya kwetu, ya mtu anayesukuma kikombe kwa kidole kimoja huku anatamani kujaziwa. Dessie alikuwa ameshamwomba. Mama amemwomba. Ya tatu ilikuwa imebaki, na mama alikuwa ananiangalia mimi.

Nilikata mkate nisiouhitaji. Nikaupaka siagi, nikaongeza siagi. Ningekaa kimya tu, basi. Hakuna ambaye angenilaumu. Kimya changu kilikuwa na taa za viwanja vikubwa ndani yake, na jina langu likisomwa Dublin kwenye kipaza sauti, Malachy Tiernan, namba tisa. Nilivitaka vitu hivyo kuliko nilivyowahi kutaka kitu. Lakini pia nilimjua mama. Colman akienda, angegeuka tena kuwa kadi za picha, na mimi nimeshindana na kadi zile nusu ya maisha yangu. Kadi haikosi penalti. Kadi haichafui sakafu. Mtu aliye hai angalau unaweza kumwona anazeeka.

"Colman," nikasema.

"Ee."

"Baki, bwana. Usitusumbue."

"Na wewe je? Dessie aliniambia kuhusu nafasi."

"Nimekwambia baki! Unataka nipige magoti kwenye siagi?"

Colman akafuta macho kwa kiganja kama mtoto. "Haya," akasema. "Mwaka mmoja tu. Kama si usumbufu."

Mama aliinuka upesi hata kiti kikaanguka. Akazunguka meza, akapita nyuma yangu, akamkumbatia Colman kichwa na mabega, akambusu nywele, akilia, anamwita mwanangu, mwanangu. Mimi nilikaa na kisu cha siagi mkononi. Sina jezi, sina ligi kuu, nimevitoa mwenyewe kwa mdomo wangu. Na wala sikuwa nafikiria vitu hivyo. Nilichokuwa nakitaka wakati ule, kwa wivu uliokuwa unanichoma, ni mikono ile ya mama.